Mume Wangu Kafuta Krismasi, Nifanyeje?

Wapendwa wasomaji, mikrismasi ya barabarani imeshawaka maua mekundu na kama kawaida barua zenu zimeanza kuja za aina moja. Krismasi ni ya wapagani au ya kwetu? Wengine mmenitumia na klipu kabisa, na nimeziangalia zote mpaka mwisho, sijaruka hata moja. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna mtoto.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Katubuka hapa Kigoma. Mume wangu tangu mwezi wa tisa anaangalia klipu za mhubiri mmoja kwenye simu, zinasema Krismasi ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi na kila anayeisherehekea anaabudu sanamu bila kujua. Juzi kakuta mtoto wetu wa miaka saba kabandika nyota ya karatasi mlangoni, kaibandua akaichana mbele yake. Kasema mwaka huu hakuna nguo mpya, hakuna pilau, hakuna kanisani tarehe 25. Sasa mama mkwe anakuja kwa treni kutoka Uvinza na kuku wake wawili kama kila mwaka, na huyo mtoto kapewa mistari ya kusema kanisani mkesha wa Krismasi, anaifanyia mazoezi nyuma ya choo baba yake asimsikie. Mwalimu, ni kweli tunatenda dhambi? Na nimtii, au nikapike tu kwa jirani kimyakimya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika hapo nyuma ya choo naumia. Lakini nianze na mumeo, maana najua watakaosoma hapa wengi watamuona mkorofi na mimi simuoni hivyo. Mwanaume anayeogopa kumkosea Mungu mpaka yuko tayari kugombana na nyumba nzima na mama yake mzazi juu, huyo hajapoteza imani. Ana imani inayomuuma, na mtu wa hivyo hatibiwi kwa kuchekwa.

Na si kwamba kila anachosema ni uongo. Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu, hilo ni kweli kabisa. Kaisari Aurelian alijenga Roma hekalu la Jua Lisiloshindwa mwaka 274, na ile hati ya Roma ya mwaka 354 ambayo ndo tunakuta ndani yake kuzaliwa kwa Kristo kumeandikwa tarehe 25 Desemba, hiyohiyo ina kalenda inayoonyesha tarehe 25 kama siku ya Jua. Hapo klipu zinaishia, halafu muziki wa kutisha unapigwa. Wanachoruka ni kwamba Wakristo wa zamani walikuwa na hesabu yao nyingine isiyohusu jua, waliamini Yesu alitungwa mimba na akasulubiwa tarehe ileile, 25 Machi, Askofu Agostino wa zamani kaandika hivyo, sasa wewe hesabu miezi tisa kuanzia hapo uone unafika wapi. Wanahistoria mpaka leo wanabishana nani alimtangulia nani. Kwa hiyo mtu akikuambia imethibitishwa kwamba Krismasi iliibwa kwa wapagani, kakupa upande mmoja wa ubishi akakuambia ndo hukumu.

Lakini mimi sitaki ushinde kwa tarehe. Tuseme mumeo yuko sahihi, tuseme siku ile ilikuwa ya jua. Karne ya tano huko Roma Papa Leo Mkuu alihubiri siku ya Krismasi akawakemea waumini wake, maana walikuwa wakipanda ngazi za kanisa la Petro, wakifika juu wanageuka nyuma wanaliinamia jua linalochomoza ndipo waingie kusali. Yaani hofu ya mumeo ilikuwa kitu cha kweli kabisa, watu walikuwa wanafanya. Na Leo hakuwaambia tuifute siku, aliwaambia acheni kuliinamia jua. Kosa lilikuwa pale shingo zilipogeukia.

Nikuambie kitu cha nyumbani. Mimi nimekulia Tabora, na kanisa la bibi yangu ngoma haikukanyaga mlangoni. Walioleta Injili waliwafundisha wazee wetu kwamba ngoma ni ya kuitia mizimu, na kwa kweli walikuwa wameiona ikipigwa kwa kazi hiyo, si kwamba walisingizia. Bibi mwenyewe aliijua ile midundo toka utoto wake, akiisikia hata mbali anashika kifua. Miaka mingi baadaye vijana wa kwaya wakaingiza ngoma moja, ya ngozi ya ng'ombe, bado ina manyoya pembeni, wakaiweka karibu na dirisha. Bibi alitoka nje. Alikaa chini ya mwembe ibada nzima, na mkuu wa kwaya, kijana ambaye angeweza kusema huyu bibi ni mshamba, alimfuata akakaa naye chini palepale. Wiki tatu kwaya iliimba bila ngoma kwa sababu ya mtu mmoja. Wiki ya nne bibi mwenyewe akamwambia pigeni, lakini pigeni ule mdundo wa kuvuna, ule mwingine msiulete. Leo nenda makanisa mengi ya Tabora au Kigoma utakuta kwaya inaimba na ngoma.

Kwangu mimi Warumi 14 ni ile picha ya chini ya mwembe. Paulo anasema, "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Soma tena hiyo, kila mtu. Hajasema kila baba athibitike kwa niaba ya wote. Mumeo ana haki yote ya kutoishika siku kwa ajili ya Bwana na wewe huna ruhusa ya kumlazimisha wala kumdharau, ila na yeye hana ruhusa ya kuchukua dhamiri yako na ya mtoto akaziweka mfukoni mwake. Anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, Paulo kawashika wote wawili masikio.

Sasa la kufanya. Kupika kwa jirani kimyakimya hapana, mwanangu, tafadhali. Siku akijua, na atajua kwa sababu pilau inanukia mtaa mzima, ataona kumbe sikukuu hii mnaifanya gizani, na hiyo ndo itamthibitishia kila alichosikia kwenye klipu. Kaa naye jioni watoto wamelala, muulize ni kitu gani hasa kinachomuuma, ni ile siku, ni mti, ni pombe za mtaani, au ni pesa ya nguo ambayo hana na anaona aibu kusema? Usikasirike nikiuliza hilo la mwisho, nimeshakutana nalo zaidi ya mara moja. Kama ni mti basi achana na mti, hauna hasara yoyote. (Ila Yeremia 10 wanayoisoma kuhusu mti msome mpaka mstari wa 5, nabii anasema habari ya mti uliochongwa sanamu, isiyosema wala kutembea mpaka ibebwe. Miti ya Krismasi ilianzia Ujerumani miaka elfu mbili baada ya Yeremia.) Kama ni pilau siku hiyo, pika tarehe 27. Wewe mwenye uhuru ndo unayeweza kusogea, yeye akisogea huku moyo unamshtaki atakuwa ametenda dhambi kwake hata kama kitendo chenyewe si dhambi, Warumi 14 inamalizia hapohapo.

Kuku wa mama mkwe pokeeni mle. Wakorinto waliambiwa nyama inayouzwa sokoni wale bila kuulizauliza, na nyama ya soko la Korintho sehemu yake ilikuwa imepitia kwenye mahekalu ya sanamu kweli. Sasa kuku aliyetoka Uvinza miguu imefungwa kwa kamba, amebebwa na bibi kwa ajili ya wajukuu zake, tumuulize amepitia wapi?

Kwenye hiyo mistari ya mtoto ndo mimi sirudi nyuma. Mwambie mumeo kwa heshima, nakwambia kwa heshima, kwamba mistari hiyo ni Luka sura ya pili, haina jua wala Warumi isipokuwa Kaisari Augusto na Kirenio liwali wa Shamu, na ile sensa. Muombe asikilize mara moja. Asiende kanisani kama moyo unamkataza, ila mtoto asiseme Neno la Mungu nyuma ya choo. Na ile nyota iliyochanwa, najua ni karatasi tu, lakini akipata nguvu ya kumwambia mwanae "baba alikosea kuichana vile", atakuwa amemfundisha kitu kikubwa kuliko sikukuu yoyote. Usimwambie wewe. Akifika mwenyewe hapo, sawa.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mimi ni kijana wa Isevya, Tabora, naimba sauti ya tatu. Nimejifunza mwenyewe kwa maandiko nikaamua sisherehekei Krismasi wala Pasaka, maana hazijaamriwa popote na Wagalatia 4:10 inakataza kushika siku na miezi. Kwaya wamepitisha mchango wa elfu kumi kila mtu kwa ajili ya sikukuu, chakula pamoja na kwenda kuona wagonjwa hospitali. Nimekataa. Nikaweka na klipu kwenye grupu la WhatsApp ili waelimike. Wameniita mfuasi wa imani potofu, wamenitoa kwenye grupu na mwenyekiti kasema nisivae joho mpaka niombe msamaha. Nani kakosea hapa?

JIBU: Marahaba. Wote, ila kwaya wamekosea zaidi na nitaanza nao. Kumvua mtu joho kwa sababu haoni tarehe 25 kuwa tofauti na tarehe 24 ni kufanya kilekile Paulo alichokataza, "wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Wakristo wenye msimamo kama wako wamekuwepo siku zote na walikuwa watu wa Biblia haswa. Bunge la Uingereza mwaka 1647 lilifuta sikukuu ya Krismasi, na Wapuriti, Wakristo wa Uingereza waliotaka kanisa lisafishwe lifuate Biblia tu, waliohamia Massachusetts huko Amerika wakaweka sheria mwaka 1659, ukikutwa unasherehekea faini shilingi tano. Kwa hiyo mwenyekiti wako asidhani umeokota kitu kipya mtandaoni.

Ila uangalie waliishia wapi. Walianza kwa kusema hatutaki kulazimishwa sikukuu ambayo Mungu hakuamuru, jambo zuri kabisa, wakaishia kuwatoza faini wenzao waliokuwa wanakula chakula nyumbani kwao, na sheria ile ya Massachusetts ilifutwa mwaka 1681. Dhamiri iliyoomba uhuru ikageuka askari, na mwanangu, klipu yako kwenye grupu ilikuwa inaelekea hukohuko. Wewe unasema ulitaka waelimike, mimi nimeiangalia, inawaita waabudu sanamu. Unamwita dada wa sauti ya kwanza anayefunga na kuomba kwamba anaabudu jua, halafu unashangaa umetolewa?

Kuhusu Wagalatia. Paulo aliwachelea kwa sababu walikuwa wanafundishwa kwamba wasiposhika hizo siku wokovu wao haujakamilika. Huyohuyo Paulo akiwaandikia Warumi anamruhusu mtu aadhimishe siku kwa Bwana. Hajajipinga. Siku ileile ukiishika kama shukrani ni sawa, ukiishika kama tiketi ya mbinguni imekuwa kongwa, na hata kutoishika kunaweza kuwa tiketi vilevile, hilo ujichunguze. Na kuhusu kuamriwa, Yohana 10:22 inamuonyesha Yesu yuko hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, sikukuu ambayo Musa hakuijua kabisa, ilianza baada ya Wayahudi kulisafisha hekalu lao siku za Wamakabayo, wapiganaji wao waliolikomboa kutoka kwa wapagani. Hakuikemea. Simaanishi kwamba na wewe lazima usherehekee, ninachosema ni kwamba "haijaamriwa" peke yake haitoshi kuiita dhambi.

Fanya hivi. Omba msamaha kwa klipu, usiombe msamaha kwa msimamo, na uvitenganishe vitu hivyo viwili kwa mdomo wako mbele yao ili wasikie tofauti. Halafu ile elfu kumi, waambie iende yote kwenye sabuni na sukari za wagonjwa, na uende nao hospitali. Mgonjwa aliyelala wodini hajali leo ni tarehe ngapi. Mwenyekiti akikataa hapo, kamuone mchungaji wenu, ukimtangulizia salamu zangu.

SWALI: Je keki ya bethidei ni dhambi? Biblia inataja bethidei ya Farao na ya Herode tu, na zote mtu aliuawa. Mama, Nzega.

JIBU: Hapana. Biblia inasimulia yule mwokaji mikate wa Farao na Yohana Mbatizaji waliuawa na wafalme wale, haijasema keki ndo iliwaua wala haijaweka amri yoyote hapo. Kama moyo unakuzuia usikate, jirani akimkatia mwanae mpe mtoto hongera.

SWALI: Mwalimu habari za kazi, mimi mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Nina mawili. Moja, tumeonyeshwa kwamba Pasaka ni Ishtar, mungu mke wa Babeli, ni kweli? Pili, wenzangu kwenye mtumbwi wanachangishana tununue kuku mweusi mganga akamzamishe ziwani tupate dagaa, maana msimu umekuwa mbaya. Nimekataa wakaniambia mbona Krismasi yenu nayo ilikuwa ya mizimu ya wazungu na mnakula? Nimekosa jibu.

JIBU: Salama kabisa, pole na kazi ya usiku. La kwanza ni jepesi. Hoja ya Ishtar imejengwa juu ya neno la Kiingereza, Easter, linalofanana kidogo kwa sauti na Ishtar, basi. Mtawa mmoja wa Uingereza, Bede, aliandika mwaka 725 kwamba Waingereza wa kale walikuwa na mwezi ulioitwa kwa jina la mungu wao mke Eostre na ndipo walipolitoa jina la sikukuu, jambo la Waingereza hilo na lugha yao, halina Babeli ndani. Sisi tunasema Pasaka, na neno letu linatoka moja kwa moja kwenye Pasaka ya Wana wa Israeli, usiku ule wa Misri, damu kwenye miimo ya mlango. Hoja ile ukiitafsiri kwa Kiswahili inakosa hata pa kusimama.

Na wewe mvuvi una kitu ambacho sisi wa nchi kavu hatuna. Pasaka inahesabiwa kwa mwezi, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, makanisa yalikubaliana huko Nikea mwaka 325 kuishika wote Jumapili moja. Ndo maana mara nyingi siku za kuelekea Pasaka unakuta mitumbwi mingi imevutwa ufukweni, nyavu zimeanikwa, mbalamwezi ni kubwa na dagaa hawafuati taa. Umeshawahi kuliona hilo? Unahesabu mwezi maisha yako yote, unajua giza linaanza lini na mbalamwezi inaisha lini kuliko kalenda yoyote, na hujawahi hata siku moja kuusujudia. Kalenda ya ukutani nayo ina Januari, jina la mungu wa milango wa Warumi, na tajiri wako anaandika Januari kwenye daftari la hesabu bila kumtolea kuku.

Hapo umeshaanza kuliona na jibu la pili. Wenzako wamekuuliza swali zuri sana, usiwadharau, ni swali gumu kuliko yote ya leo. Paulo aliulizwa karibu hilohilo na akatoa majibu mawili tofauti katika barua moja, ile ya kwanza kwa Wakorintho. Nyama ya sokoni, kula. Meza ya kwenye hekalu la sanamu wakati sadaka inatolewa, usikae, kwa sababu huwezi kunywa kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe yuleyule. Kinachobadilika ni kinachofanyika pale ulipokaa. Pilau ya Krismasi hakuna anayeila huku akiliomba jua lichomoze, kilichokuwepo zamani, kama kilikuwepo, kimekufa na hakuna mtu hapa Kigoma hata mmoja anayekiabudu. Kuku mweusi anazamishwa wiki hii, na mganga aliye hai, kwa jina la kitu kinachoombwa kitoe dagaa. Ile ni sadaka na ni ya leo. Uhuru wa Mkristo haufiki pale, na hata kama wewe moyoni unasema si lolote si chochote, wenzako watakuona umekaa mezani.

Na kuna Paulo alivyosema mtu akikuambia wazi kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Kwa hiyo hata wakikuletea nyama ya kuku mwingine aliyechinjwa palepale kwenye shughuli hiyo, wakakuambia ni ya tambiko, iache kwa upole.

Usisubiri siku yenyewe ukaanza kubishana usiku kwenye maji. Nenda kwa tajiri wa mtumbwi mchana, peke yako, mwambie mchango wa kuku sitatoa ila pesa ileile natoa, tununue jaketi okozi moja au betri ya taa, kwa sababu na mimi nataka dagaa na nataka wote turudi asubuhi. Useme na ukweli mwingine, kwamba utaomba kwa sauti kabla ya kuondoka na anayetaka kuitikia aitikie. Wakikukubalia, vizuri. Wakisema usiku tukikosa dagaa lawama ni zako na wakakutoa kwenye mtumbwi, niandikie haraka, na useme ni mtumbwi wa watu wangapi na unalipwa kwa fungu au kwa usiku, maana hapo itabidi tuongee habari ya kutafuta kazi nyingine kabla giza la mwezi ujao halijaanza.